Mkono unaokanda ni amana

Ndugu msomaji, anayesimama katika mji wa Morogoro asubuhi na kuinua macho kuelekea kusini huiona Milima ya Uluguru imeusimamia mji kama ukuta. Mji wenyewe uko kwenye mwinuko wa mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari, ilhali kilele cha Kimhandu kinapita mita 2,600. Baina ya mji na vilele hivyo wanaishi watu ambao maisha yao ni kupanda na kushuka. Ndizi, mboga, matunda na viungo kama karafuu, mdalasini na pilipili manga hutoka huko juu, na pale ambapo gari haliwezi kufika, mzigo hubebwa kichwani au begani. Gharama ya safari hizo hulipwa na shingo, mgongo na magoti.

Basi si ajabu kwamba elimu ya kuutuliza mwili kwa mkono si ngeni kwetu. Lugha yetu yenyewe ni shahidi. Tunayo kukanda, ambako ni kubonyeza mwili kwa viganja au kwa kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto. Tunayo kuchua, ambako ni kusugua msuli kwa mafuta au dawa mpaka ulegee. Tena watu wa pwani wana kusinga, ambako mwili hupakwa na kusuguliwa kwa manukato kama liwa, hasa kwa bibi harusi. Hata katika kandanda timu zetu zina mtu wao aitwaye mchua misuli, na mashabiki wa Mtibwa Sugar ya Turiani, iliyotwaa ubingwa wa Bara mwaka 1999 na 2000, wanamjua vizuri anayekimbilia uwanjani na mkoba wake mchezaji anapoanguka.

Leo elimu hiyo imevaa vazi jipya. Katika miji yetu vimefunguliwa vyumba vya masaji, vingine ndani ya hoteli, vingine pembeni ya saluni, na mteja huambiwa achague: masaji ya Kiswidi, ya Kithai, ya mawe ya moto, au ya miguu peke yake. Wapo wanaoyapokea yote haya kwa shauku kwa kuwa yanatoka ng'ambo, na wapo wanaoyakataa yote kwa sababu hiyo hiyo. Sisi tunaona pande zote mbili zinaharakisha, na ni vema kwanza kujua asili ya mambo.

Masaji iitwayo ya Kiswidi hunasibishwa na Per Henrik Ling, Mswidi aliyeasisi chuo cha mazoezi ya viungo mjini Stockholm mwaka 1813, ingawa wanahistoria wengi husema aliyezipanga mbinu zake kama zinavyojulikana sasa ni tabibu wa Kiholanzi, Johan Georg Mezger. Ile ya Kithai, ambayo huunganisha kubonyeza na kunyoosha viungo, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni wa wanadamu mwaka 2019. Lakini karne nyingi kabla ya Ling, tabibu wa Kiislamu Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika katika Al-Qanun juu ya aina za kusugua mwili, akitofautisha kusugua kwa nguvu na kusugua kwa upole, na kueleza athari ya kila kimoja. Na Unguja, Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alijenga hamamu ya Kiajemi katika mtaa ambao hadi leo unaitwa Hamamni. Kwa hiyo jambo lenyewe si la kigeni wala si la kuonewa haya. Swali ni moja tu: je, mkono unaokanda unaijua mipaka yake?

Tuanze na faida, kwa uadilifu. Kuchuliwa humfanya mtu alegee, apumue vizuri na ahisi nafuu ya msuli uliokaza. Ama kwa maumivu ya mgongo wa chini, watafiti waliokusanya majaribio 25 na kutoa matokeo yao mwaka 2015 waliona kwamba nafuu inaweza kupatikana kwa muda mfupi, lakini wakasema wazi kwamba ushahidi huo ni dhaifu. Anayekuahidi kwamba kwa mikono yake ataondoa kisukari, shinikizo la damu au uvimbe wa tumboni, huyo amevuka mpaka wa elimu na kuingia katika udanganyifu.

Sasa tuje kwenye madhara, na hapa tunamlenga hasa mama aliyejifungua. Katika nyumba nyingi nchini, mzazi hukandwa kwa maji ya moto siku za mwanzo, na mara nyingi mkono unaomkanda ni wa mama yake au bibi yake. Waluguru, ambao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, wanaijua thamani ya mkono huo. Ni mkono wa huruma, na hatuthubutu kuudharau. Hata hivyo huruma haipunguzi joto la maji. Maji ya nyuzi joto 60 huweza kuunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache tu, na imani kwamba mzazi sharti avumilie maji yanayochoma haina msingi. Aliyejifungua kwa upasuaji ana kidonda juu ya ngozi na kingine ndani ya mfuko wa uzazi. Tumbo lake halikandamizwi wala halimwagiwi maji ya moto.

Lipo na jambo la hatari zaidi ambalo halionekani kwa macho. Katika wiki sita za mwanzo baada ya kuzaa, damu ya mwanamke huwa nyepesi kuganda kuliko kawaida, na bonge la damu huweza kujijenga ndani ya mshipa wa mguu. Dalili yake ni mguu mmoja kuvimba, kuuma na kuwa wa moto. Mwenye nia njema akiuona mguu huo hukimbilia mafuta auchue. Akifanya hivyo, bonge laweza kung'oka, likasafiri na damu hadi mapafuni, na mama akapoteza maisha mbele ya watu waliokuwa wakimtunza. Mguu wa namna hiyo hauchuliwi, uwe wa mzazi, wa msafiri aliyekaa safari ndefu, au wa mgonjwa aliyelala kitandani muda mrefu. Hupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Mipaka mingine ni hii. Mfupa unaoshukiwa kuvunjika haukandwi. Mwenye homa hachuliwi mpaka ijulikane homa ni ya nini. Tumbo la mjamzito halibonyezwi kwa nia ya kumgeuza mtoto, kwani kondo laweza kubanduka. Mwenye kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi hawekewi mawe wala maji ya moto, kwa kuwa ataungua bila kuhisi. Hata mafuta ya karafuu hayapakwi mwilini yakiwa makali. Huchanganywa kwanza na mafuta laini kama ya nazi. Na aliyepooza au aliyevunjika anahitaji mtaalamu wa tiba ya viungo aliyesomea kazi hiyo, kama wale wanaofunzwa KCMC, Moshi.

Tukitoka kwenye afya ya mwili, tunaingia kwenye heshima yake. Muislamu hawezi kulizungumza jambo hili bila kuitaja stara. Mwanamke ahudumiwe na mwanamke, na mwanamume na mwanamume. Hata hapo, kwa kauli ya wanachuoni wengi, sehemu iliyo baina ya kitovu na magoti haiachwi wazi bila dharura. Dharura ya tiba hufungua mlango kwa kadiri ya haja tu, na kutafuta raha si dharura. Nyumba ya kazi isiyo na chumba cha wanawake peke yao, au inayomfungia mteja ndani na mhudumu wa jinsia nyingine, haifai hata kama mafuta yake yanatoka Bangkok.

Tusiwasahau wahudumu pia. Wapo mabinti wanaoifanya kazi hii kwa jasho la halali, na wapo wateja wanaoingia na makusudio mengine wakidhani kila chumba cha masaji ni danguro. Ni kweli kwamba baadhi ya vyumba hutumia jina hili kuficha uchafu. Lakini kumtuhumu binti wa watu kwa sababu tu ya kazi yake ni dhulma, na mwenye nyumba anayemlazimisha anyamaze ili mteja asikasirike ni mshiriki wa dhulma hiyo.

Dola nayo ina nafasi yake. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002 iliweka Baraza la kuwasajili na kuwasimamia watoa tiba hizo. Anayejitangaza kuwa anatibu aulizwe cheti chake bila kuona haya. Na kabla hajagusa mwili, mkandaji wa kweli huuliza: Una ugonjwa gani? Unatumia dawa gani? Una mimba? Umejifungua lini? Wapi panauma, na tangu lini? Asiyeuliza lolote, akanyoosha mkono kwenye mafuta mara moja, msomaji na ainuke aondoke.

Ndugu zetu, tumefundishwa kwamba mwili una haki juu ya mwenyewe. Kuupumzisha ni katika haki hiyo, na kuulinda usidhuriwe ni katika haki hiyo pia. Bibi anayemkanda mjukuu wake katika kijiji cha Uluguru na binti anayechua migongo ya wageni mjini wote wamekabidhiwa kitu kimoja, nacho ni mwili wa mtu aliyewaamini. Atakayetiliwa shaka na mguu uliovimba leo, asingoje kesho. Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.