Ramani za udongo wetu ziko maktaba, lakini namba za shamba tuzichunge sisi

Kabla ya uhuru, watafiti wa INEAC, shirika la kilimo lililoanzishwa mwaka 1933 na lililokuwa na kituo chake kikubwa kule Yangambi, walizunguka inchi yetu wakichimba mashimo na kuandika udongo wa kila pahali. Kuanzia 1954 walitoa ramani za udongo na mimea: Kaniama, bonde la Ruzizi, Nioka, Yangambi, na pengine pengi. Kila ramani ina kitabu chake kwa Kifaransa, kinachoeleza kila rangi inaonyesha udongo gani. Wengi wetu tunalima udongo uliokwisha kuandikwa, na karte yake hatujaiona hata siku moja.

Nyingi ya ramani hizo zinachungwa Wageningen, Uholanzi, kwenye mji wa chuo kikuu cha kilimo. Pale kuna ISRIC, kituo cha udongo wa dunia kilichoanza 1966. Kwa kusaidiana na watafiti wa Umoja wa Ulaya, ramani zilipigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti, na hakuna malipo. Basi hata kijana wa kooperative anayesoma mjini anaweza kuzishusha na kuwaletea kwenye telefone.

Lakini muangalie kipimo kwanza. Kwenye ramani ya 1/100.000, sentimeta 1 ni kilometa 1 ya kutembea. Hektari 1 ni milimita 1 kwa milimita 1, kama chembe ya mchanga. Ramani kama hii inasaidia komite kujua kilima kizima kina udongo wa namna gani. Kuambia mama fulani atie mbolea ngapi kwenye shamba lake, hapana. Hata ramani mpya za kompyuta za ISRIC, zinazoitwa SoilGrids, zinagawa dunia kwa vipande vya mita 250, ni kusema zaidi ya hektari 6 kwa kipande kimoja. Mashamba ya majirani kumi yanaweza kuingia humo na yote yakapewa jibu moja. Jembe na macho ya mkulima bado vina kazi.

Sasa kuna jambo linalogusa feza moja kwa moja, zaidi sana kwa wale wa kahawa na kakao. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115 inakataza kuuza huko mazao yaliyotoka pahali pori lilikatwa nyuma ya tarehe 31 Desemba 2020. Siku ya kuanza kuitumia imesogezwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi wamekwisha kuanza kuuliza: shamba liko wapi? Kwa shamba lisilozidi hektari 4, nukta moja inatosha. Likizidi, wanataka mpaka wote kuzunguka.

Nukta hiyo ni namba mbili, na sheria inadai tarakimu 6 nyuma ya alama ya desimali. Ukiandika 2 tu, unaweza kupotea zaidi ya nusu kilometa, na pengine nukta yako itaanguka katikati ya pori la hifadhi. Tuchukue Bukavu: -2,5 na 28,86. Ukisahau ile alama ya kutoa, shamba limehama, liko kaskazini ya Ikweta, upande wa Haut-Uele. Ukigeuza namba, ya pili ikae mbele, umefika Algeria, ndani ya jangwa la Sahara. Kahawa haioti kule, na mnunuzi atakataa mzigo wote.

Kwa hiyo tunashauri hivi: anayekuja kupima mashamba, awe wa mnunuzi ao wa mradi, asiondoke na telefone yake kabla ya kuachia kooperative kopi. Iandikwe pia kwenye daftari, na jina la mwenye shamba. Programu ya QGIS inafungua namba hizo bila malipo, inasema Kifaransa, na haiombi intaneti kila wakati. Mwenye kompyuta ya kooperative aanze kwa kufungua nukta zote pamoja. Ile iliyoanguka ndani ya ziwa ataiona mara moja, arudi shambani akaipime tena na mwenyewe akiwepo.