Mini: Gari dogo lililozaliwa na uhaba wa petroli

USIDHARAU wembamba wa reli, gari moshi hupita. Msemo huu unalifaa sana gari aina ya Mini, ambalo urefu wake ulikuwa mita tatu na ushei tu, ilhali liliwabeba watu wazima wanne pamoja na mizigo yao.

Chanzo cha gari hili ni mgogoro wa Mfereji wa Suez. Mnamo Julai 1956, Rais Gamal Abdel Nasser wa Misri aliutaifisha mfereji huo. Vita vilivyofuata viliufunga, mafuta yakaadimika Ulaya, na kufikia Desemba Waingereza walikuwa wakiuziwa petroli kwa mgao. Wengi walikimbilia vigari vyenye umbo la kiputo kutoka Ujerumani.

Leonard Lord, mkuu wa kampuni ya BMC, hakuvipenda vigari hivyo hata kidogo. Alimwagiza mhandisi Alec Issigonis, mzaliwa wa mji unaoitwa Izmir nchini Uturuki, abuni gari dogo lakini kamili. Sharti lilikuwa kwamba atumie injini ambayo kampuni ilikuwa tayari ikiiunda.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Injini hiyo ikiwekwa kwa urefu wa gari, kama ilivyokuwa desturi, ingemeza nafasi ya abiria. Issigonis aliigeuza, akaiweka kwa upana. Giaboksi akaitia chini yake, vyote viwili vikatumia oili moja, na nguvu zikaelekezwa kwa magurudumu ya mbele. Magurudumu yenyewe, ya inchi 10 tu, aliyasogeza hadi kwenye pembe nne za gari. Badala ya springi za chuma, zilitumiwa koni za mpira zilizobuniwa na Alex Moulton. Hatimaye takriban asilimia 80 ya eneo la gari ilibakia kwa abiria na mizigo.

Mini ilizinduliwa Agosti 26, 1959. Matoleo ya kwanza hayakukosa ila: maji ya mvua yalipenya sakafuni, na safari kwenye barabara mbovu ilikuwa ya kutikisa viungo.

Hata hivyo, mpangilio uliokusudiwa kuokoa nafasi ndio ulioleta raha ya kuliendesha. Kwa kuwa lilikuwa jepesi, fupi na lenye magurudumu pembeni kabisa, gari hili halikuyumba sana kwenye kona, na lilitii usukani papo hapo. Uzito wa injini nao uliyakandamiza magurudumu ya mbele, yakashika barabara hata penye theluji.

John Cooper, muundaji wa magari ya mashindano, aliitambua siri hiyo. Mini Cooper ilitokea 1961, na Mini ikashinda mbio za Monte Carlo miaka ya 1964, 1965 na 1967, ikiyabwaga magari yenye injini kubwa zaidi.

Uundaji wa Mini asilia ulikoma Oktoba 2000, baada ya magari zaidi ya milioni tano kuuzwa. Ile iliyotolewa na BMW mwaka wa 2001 ni kubwa zaidi.

Lakini fikra ya Issigonis haikufa. Funua boneti ya Toyota Vitz yoyote jijini Nairobi, nawe utaikuta injini imewekwa kwa upana, ikiyavuta magurudumu ya mbele. Uhaba wa petroli ulikwisha. Maarifa uliyoyazaa yangali barabarani.