Sura ya 7: Pesa ya Mwaka wa Pili

Mwanafunzi akijitolea, yuko anayelipa. Nauli ya kufika kijijini, chakula cha wiki sita, saruji, mafuta ya pikipiki, vyote vinatoka mfukoni mwa mtu. Ukitaka kujua kwa nini mradi mmoja ulidumu na mwingine ukafa, uliza kwanza mfuko ulikuwa wa nani na ulifunguliwa kwa masharti gani.

Mfuko unaweza kuwa wa msomi mwenyewe. Mwaka 1966 serikali ya Tanzania iliwataka wahitimu watumikie Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa miaka miwili: miezi ya mwanzo kambini, kisha miezi 18 kazini kwa asilimia 40 ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi wa chuo kikuu wakaandamana hadi Ikulu, Dar es Salaam. Rais Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha mamia yao makwao, na mshahara wake mwenyewe akaupunguza kwa asilimia 20. Siku hiyo husimuliwa kama ugomvi wa uzalendo. Nadhani ulikuwa pia ugomvi wa bajeti: ile asilimia 60 iliyokatwa ndiyo iliyokuwa ruzuku, ila mtoaji hakuombwa.

Siku hizi njia iliyozoeleka ni ruzuku ndogo ya mfadhili. Mfano mzuri ni Projects for Peace ya Marekani. Kathryn Wasserman Davis alipotimiza miaka 100, mwaka 2007, alitoa dola milioni moja kugharamia miradi 100 ya wanafunzi, kila mmoja dola 10,000. Alifariki mwaka 2013 akiwa na miaka 106, na pesa hazikukatika. Mpango unaendeshwa kutoka chuo cha Middlebury, Vermont. Mwanafunzi huomba kupitia chuo chake, nacho kwa kawaida huwa miongoni mwa washirika wa ufadhili wa Davis unaowasomesha wahitimu wa shule za kimataifa za UWC (United World Colleges), ambazo mojawapo iko kwetu, Moshi na Arusha. Kwa njia hiyo kijana wa Kitanzania anayesoma Marekani anaweza kurudi nyumbani likizo ya Juni akiwa na bajeti ambayo mtendaji wa kijiji chake hajawahi kuishika.

Kiwango kikishatangazwa, mradi hujipima kwa kiwango. Ndiyo maana bajeti za ruzuku za aina hii hujumlishwa zikafika palepale kwenye kikomo, kisima kiwe kifupi au kirefu. Kalenda nayo ina amri yake. Kazi ianze chuo kikifunga na iishe kabla hakijafunguliwa, hata kama wiki hizo ndizo za mavuno na hakuna mwenye nafasi ya kuhudhuria mkutano wa kijiji.

Kuna pia habari ya risiti. Mfadhili anataka ushahidi wa kila matumizi. Duka la vifaa mjini litatoa risiti ya mashine bila shida, lakini mchanga unanunuliwa kwa mwenye mkokoteni, na kokoto kwa mama anayezigonga kando ya barabara. Mwanafunzi anajikuta anachana karatasi ya daftari, anaandika kiasi, anaomba sahihi au dole gumba, kisha anampigia simu mhasibu ng'ambo kumweleza karatasi ile ni nini. Mfadhili mwenye busara huikubali. Asiye na busara humsukuma kijana anunue kila kitu mjini, na pesa iliyokusudiwa kijiji inaishia kwa mwenye duka.

Yote hayo ni mwaka wa kwanza, na mwaka wa kwanza haukosi mfadhili. Tuseme pampu ya mkono imefungwa Julai, picha zimepigwa, ripoti imetumwa. Mwaka unaofuata mpira wa ndani unalika. Kipuri chenyewe si ghali, ila hakuna ruzuku ya likizo inayolipia mpira, na mwanafunzi yuko darasani ng'ambo ya bahari. Tanzania ina jibu la kisheria: tangu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019, maji vijijini yako chini ya RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, na vyombo vya jamii vya watoa huduma ya maji hukusanya ada ili kulipia uendeshaji na matengenezo. Pampu iliyofungwa bila kuvihusisha vyombo hivyo haina wa kuikusanyia ada, kwa hiyo haina wa kuitengeneza.

Kwa hiyo nikipewa andiko la mradi, naruka utangulizi na kutafuta mistari midogo: nauli ya kwenda ofisi ya RUWASA wilayani kabla ya kuchimba, daftari la makusanyo, siku mbili za kumfundisha fundi wa hapo hapo kufungua pampu na kuifunga, seti moja ya vipuri iachwe kwa mweka hazina. Havigharimu sana. Bajeti ikizidi dola 10,000, ndivyo vinavyofutwa mwanzo, maana kwenye picha za ripoti havionekani.