Si kila debe livumalo ni tupu

Mhakiki anayewafundisha wanafunzi wake kwamba muziki mzuri ni ule tu uburudishao na kutuliza moyo hana budi kuitafakari santuri moja iliyotolewa Marekani mwezi wa Julai 1970. Jina lake ni Fun House, na wenyewe ni The Stooges, vijana waliotoka Ann Arbor katika jimbo la Michigan. Ina nyimbo saba tu, wala haifiki dakika 40. Ilipotoka, wanunuzi waliipa kisogo, na mwaka uliofuata kampuni ya Elektra iliyoitoa ikaachana na bendi hiyo. Siku hizi ni nadra kuandikwa historia ya roki bila ya santuri hiyo kutajwa. Je, ni nani aliyekosea?

Aina hii ya muziki huitwa roki ya gereji, kwa kuwa katika miaka ya sitini vijana wengi wa huko walifanyia mazoezi pale wazazi wao walipoegesha magari. Ala zilikuwa chache, sauti ya juu, na ufundi wa kadiri. Wapigaji wa panki waliurithi baadaye.

Aliyekabidhiwa usimamizi wa kazi hiyo studioni, Don Gallucci, hakuwa mgeni wa zogo. Ndiye aliyepiga kinanda wakati bendi ya The Kingsmen iliporekodi "Louie Louie" mwaka wa 1963. Maneno ya wimbo huo yalitamkwa ovyo kiasi kwamba wapelelezi wa FBI waliuchunguza wakishuku kuwa una matusi, wakaishia kukiri kwamba hayasikiki. (Walimu wa Isimu wanaotafuta mfano wa kuwachekesha wanafunzi, huo hapo.)

Mjini Los Angeles, mwezi wa Mei 1970, Gallucci aliziondoa zana za kufifisha mwangwi zilizokuwamo studioni. Wanabendi wakapiga pamoja, naye mwimbaji wao, Iggy Pop, akashika kipaza sauti mkononi kana kwamba yuko jukwaani. Gitaa la Ron Asheton languruma, ngoma za nduguye Scott zagonga pasipo kuchoka, na katika upande wa pili saksafoni ya Steve Mackay yaingia ikilia kama mtu aliyeumwa na nyuki.

Waliowabeza walidai kwamba hawa hawajui kupiga ala. Debe tupu, walisema, haliachi kuvuma. Mhakiki Lester Bangs hakukubali. Aliwatetea katika makala ndefu iliyochapishwa kwa sehemu mbili katika jarida la Creem mwaka huo huo wa 1970, akaona nguvu pale wenzake walipoona ujinga. Lakini ushahidi ulio mzito zaidi, nionavyo mimi, ulitokea mwaka wa 1999, pale kanda zote za siku zile za studioni zilipotolewa katika diski saba. Humo twasikia wimbo "Loose" ukirudiwa zaidi ya mara 20. Mtu asiyejua atendalo hawezi kurudia ghasia ile ile mara 20 bila mapigo kumtoroka! Fujo hiyo ilipangwa, ikafanyiwa mazoezi, ikachujwa. Mwanafunzi anayeandika insha mara moja na kuikabidhi kwa mwalimu kabla wino haujakauka hawezi kujitetea kwa mfano wa The Stooges.

Tena Iggy Pop, ambaye jina lake la kuzaliwa ni James Osterberg, alikuwa mwana wa mwalimu wa Kiingereza wa shule ya upili. Si mtoto aliyekosa malezi, kama wengi walivyodhani walipomwona kifua wazi jukwaani.

Hata hivyo sitaki kuwapamba kupita kiasi. Baada ya santuri hiyo heroini iliingia ndani ya bendi na kuivuruga. Mpigaji besi, Dave Alexander, alifukuzwa Agosti 1970, akafariki mwaka wa 1975 akiwa na umri wa miaka 27. Wako wanaosimulia mambo hayo kana kwamba ndiyo yaliyouzaa muziki. La hasha! Muziki ulikuwa umekwisha kurekodiwa. Dawa zilikuja zikawazuia kuuendeleza.

Heshima ilikawia. Bendi ya The Damned ya Uingereza iliurekodi upya mmoja wa nyimbo hizo mwaka wa 1977. Wazee wenyewe waliungana tena mwaka wa 2003, na mwaka wa 2010 wakaingizwa katika jumba la heshima la muziki wa roki, mwaka mmoja baada ya Ron Asheton kufariki.

Ama kipande cha mwisho, "L.A. Blues", ambacho kwa dakika tano hivi hakina lahani wala mapigo ya kufuatwa, ila mayowe na ala zinazogombana, sikipendi. Nimekisikiliza mara nyingi na bado nakiona ni kelele. Nyimbo sita zinazokitangulia sina neno nazo.