Waziri Aliyehesabu Vijiji: Hassan Arsanjani na Ardhi ya Iran (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulimfuata Hassan Arsanjani tangu ujanani: mwanasheria aliyesomea Chuo Kikuu cha Tehran, mwandishi aliyeendesha gazeti la Darya, kisha mtu wa karibu wa waziri mkuu Ahmad Qavam. Tulimwacha Mei 1961. Walimu wa Tehran walikuwa wamegoma, mwalimu mmoja ameuawa kwa risasi katika maandamano, serikali imeanguka, na Shah Mohammad Reza Pahlavi amemwita Ali Amini kuunda serikali nyingine. Amini akamkabidhi Arsanjani Wizara ya Kilimo. Hakukaa humo hata miaka miwili, lakini katika muda huo alivunja nguvu za watu waliokuwa hawaguswi Iran kwa vizazi.

Ili kupima kazi yake, lazima kwanza tujue mkulima wa Iran aliishi vipi. Kijiji kizima, nyumba na mashamba na maji yake, kiliweza kuwa mali ya mtu mmoja, naye akakiuza au kukirithisha apendavyo. Umiliki ulihesabiwa kwa mafungu sita yaitwayo dang. Mwenye dang zote sita ndiye mwenye kijiji. Walikuwapo makabaila wenye vijiji kwa makumi, wakikaa mijini na kuwaachia wasimamizi kazi ya kukusanya. Wakati wa mavuno nafaka iligawanywa kwa hesabu ya jadi ya vitu vitano: ardhi, maji, mbegu, maksai na kazi ya mikono. Aliyetoa kitu alichukua fungu lake. Kabaila, mwenye ardhi na maji, alianza na mafungu mawili kati ya matano. Akitoa na mbegu, yakawa matatu. Mkulima ambaye hata maksai si wake alibaki na fungu moja, na humo ndimo alimolipia madeni ya mwaka uliopita. Viwango vilitofautiana mkoa kwa mkoa, lakini mantiki ilikuwa hiyo hiyo.

Mwaka 1960 ilipitishwa sheria ya kupunguza mashamba makubwa. Iliruhusu kila mmiliki abaki na hekta 400 za umwagiliaji au 800 za kutegemea mvua. Kwenye karatasi ilipendeza. Lakini nani angezipima hekta hizo katika nchi ambayo sehemu kubwa ya mashamba yake haikuwa na ramani? Wabunge wengi walikuwa makabaila wenyewe, na waliifanya sheria isitekelezeke wakijua wanachofanya. Ayatollah Borujerdi wa Qom, mwanachuoni aliyefuatwa na Mashia wengi zaidi wakati ule, naye aliipinga. Ikafa bila kugawa kitu cha maana.

Hapo ndipo akili ya Arsanjani ilipoonekana. Aliacha kabisa habari ya hekta. Sheria iliyopitishwa na baraza la mawaziri Januari 1962, Bunge likiwa limevunjwa, ilisema kila mwenye ardhi abaki na kijiji kimoja, yaani dang sita, na vinavyozidi vinunuliwe na serikali, kisha wauziwe wakulima waliokuwa wakivilima. Vijiji havihitaji mpima ardhi. Kila mtu katika wilaya anajua kijiji fulani ni cha nani. Kwa uamuzi huo mmoja ile hoja ya kusubiri upimaji ikakosa miguu.

Pigo la pili lilikuwa la bei. Fidia ilikadiriwa kutokana na kodi ambayo mmiliki alikuwa ameilipa huko nyuma. Miaka nenda miaka rudi makabaila walikuwa wakiishusha thamani ya mali zao mbele ya mtoza kodi. Sasa serikali ikawa inanunua kwa hesabu zao wenyewe, tena kwa malipo ya miaka 10, baadaye ikaongezwa hadi 15. Sijui sheria nyingine ya zama zile iliyoutumia uongo wa wakubwa kuwalipia wanyonge kwa ustadi kama huu.

Hakuanza nchi nzima kwa mpigo. Alichagua wilaya ya Maragheh, Azabajani ya Iran, akapeleka maofisa wake wachache huko, na Machi 1962 Shah mwenyewe akaenda kugawa hati za kwanza. Ili kupata hati, mkulima alitakiwa ajiunge na chama cha ushirika cha kijiji, kwa kuwa kabaila ndiye aliyekuwa akikopesha mbegu na kutengeneza mifereji. Akiondoka, lazima awepo wa kuishika kazi hiyo. Kufikia vuli ya 1963 vijiji zaidi ya 8,000 vilikuwa vimenunuliwa, vingine vyote na vingine sehemu tu.

Kasoro ilikuwapo, tena kubwa. Hati zilikwenda kwa wale waliotambulika kijijini kuwa na haki ya kulima. Vibarua wasio na haki hiyo, ambao katika vijiji vingi walikuwa umati, hawakupata hata kipande. Bustani za matunda, mashamba ya chai na yale yaliyolimwa kwa trekta na vibarua wa mshahara yaliachwa nje ya sheria, na makabaila hawakuchelewa kuutumia mwanya huo. Arsanjani alichagua mwendo wa haraka kuliko usawa kamili. Naamini alichagua sawa, kwa sababu angengoja sheria isiyo na mwanya asingegawa kitu. Lakini vibarua wale ndio waliobeba gharama ya uamuzi wake, na watoto wao walijazana pembezoni mwa Tehran.

Amini alijiuzulu Julai 1962. Arsanjani akabaki chini ya Asadollah Alam, na jina lake likazidi kukua. Januari 1963 wajumbe wa ushirika kwa maelfu walikusanyika Tehran, na watu waliokuwa hawajawahi kuiona ikulu wakamshangilia waziri. Shah aliliona hilo. Mwezi huohuo aliuingiza ugawaji wa ardhi katika kura ya maoni kama sera ya kwanza ya programu aliyoiita mapinduzi ya Shah na umma. Machi Arsanjani akawa nje ya wizara, kisha akapelekwa Roma kuwa balozi. Awamu iliyofuata ililegezwa: mmiliki aliruhusiwa kukodisha ardhi kwa wakulima badala ya kuiuza.

Alifariki mwaka 1969. Shah ndiye aliyejitwalia sifa ya kugawa ardhi, lakini sheria iliyowaondoa makabaila vijijini aliitengeneza Arsanjani, mema yake na makosa yake.

(Itaendelea wiki ijayo: awamu ya pili, na vibarua waliohamia mijini.)