Kabine ya nyuma ya meli: nzuri, lakini kwa nani?



Zamani mtoto aliyekwenda Ulaya alimtumia mama yake kitenge, simu, au pesa za kumalizia nyumba. Siku hizi wengine wanaleta zawadi mpya: "Mama, tumekulipia safari ya meli." Si bato la kutoka Bukavu kwenda Goma. Ni meli ya matembezi, nyumba ya orofa nyingi inayoelea, yenye watu elfu kadhaa, inayozunguka bahari ya Mediterania siku saba na kurudi pale ilipoanzia. Kwa familia iliyotawanyika, mmoja Bruxelles, mwingine Montréal, mama Bukavu, ni njia moja ya kulala tena chini ya paa moja.

Mwenzetu mmoja wa AVEC yetu amerudi kutoka safari ya namna hiyo. Ana miaka 65, magoti yanamsumbua, na kijana wake wa Montréal alikuwa hajamwona miaka tisa. Watoto wake walichanga kama sisi tunavyochanga likirimba, wakamchagulia kile walichoona kinapita vyote: kabine yenye balkoni, nyuma kabisa ya meli, orofa ya juu. Ametueleza mema na mabaya yake, na ametuomba tuyaandike bila jina lake, ili mama mwingine akialikwa ajue la kuuliza kabla pesa hazijalipwa.

KABINE HIYO NI IPI?

Kwa kawaida meli hizi zina kabine za namna nne: ya ndani isiyo na dirisha, yenye dirisha, yenye balkoni, na zile kubwa za wenye pesa nyingi. Balkoni nyingi ziko ubavuni, kushoto au kulia. Chache tu ziko nyuma, kwenye ukuta wa mwisho. Ukisimama kwenye balkoni ya nyuma, meli yote iko mgongoni pako, na mbele ya macho yako ni maji ambayo meli imekwisha kuyapita. Kwa kuwa ni chache, watu wanaozijua huzikamata mapema, na mara nyingi bei yake inapanda.

UTAMU WAKE

Mwenzetu hakutudanganya: ni pazuri. Jioni walipoondoka Marseille aliona mji wote ukirudi nyuma polepole, na kanisa la Notre-Dame de la Garde juu ya kilima chake. Aliye ubavuni anaona upande mmoja tu. Aliye nyuma anaona kushoto na kulia pamoja, na katikati njia nyeupe ya povu ambayo meli inaiacha majini.

Kuna na faida ya upepo. Meli ikisonga mbele, mwili wake unakinga upepo unaotoka mbele, hivyo nyuma mtu anaweza kukaa na kunywa chai bila kitenge kupeperushwa. Tena, katika meli nyingi balkoni za nyuma ni pana kuliko za ubavuni, hata meza na viti vinaenea vizuri.

KILE AMBACHO PICHA HAIONYESHI

Siku ya pili alfajiri, meli ikiingia bandari ya Genova, kitanda kilianza kutetemeka. Glasi zililia kwenye meza. Mama wa watu aliruka, akatafuta jile gizani, akawa anamwita Mungu kwa sauti. Alifikiri wamegonga jiwe.

Tusimcheke. Sisi wa Ziwa Kivu hatujasahau tarehe 3 Oktoba 2024, siku boti iliyotoka Minova ilipozama mbele ya macho ya watu, karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma. Mtu aliyezoea maji yetu, akisikia chombo kinatetemeka, hangoji kuelezwa.

Lakini hakukuwa na hatari. Mapropela yanayoisukuma meli yako chini ya sehemu ya nyuma. Meli ikipunguza mwendo na kujigeuza ili ifunge bandarini, nguvu yake inasikika zaidi huko nyuma, hasa orofa za chini, na mara nyingine mpaka juu. Meli hizi kwa kawaida hufika bandarini asubuhi mapema, basi anayelala nyuma anaweza kuamshwa hivyo siku baada ya siku.

La pili ni kuyumba. Kwenye kanoti zetu tunajua kwamba mawimbi yakianza, anayekaa mbele ndiye anayerushwa. Wengi wanadhani basi nyuma kabisa ndiko salama kwa tumbo. Kwa meli ndefu si hivyo. Fikiria ubao ambao watoto wameulaza juu ya jiwe ili wapandishane na kushushana: ncha zote mbili zinapanda na kushuka, katikati panatulia. Meli inapopanda mawimbi ni vilevile. Na kadiri unavyokaa juu, ndivyo kuyumba kwa kushoto na kulia kunavyoongezeka. Mwenye tumbo jepesi atafute kabine ya katikati, orofa ya chini, hata kama haina balkoni.

La tatu ni miguu. Meli kubwa kuliko nyingi, Icon of the Seas, iliyoanza kubeba abiria Januari 2024 kutoka Miami, ina urefu wa karibu mita 365. Ni zaidi ya viwanja vitatu vya mpira. Ile ya mwenzetu ilikuwa fupi kuliko hiyo, lakini kutoka asansere mpaka mlango wake alihesabu milango arobaini na tatu, kwenda na kurudi, kila mara akisahau miwani. Kwa magoti yake, siku ya kwanza ilikwisha kabla ya chakula cha jioni.

Mengine ni madogo lakini yanachosha. Upepo ukigeuka, moshi wa meli unaweza kushuka nyuma na kuacha masizi kwenye viti. Katika meli nyingi sehemu za kula na kucheza muziki ziko nyuma. Ukiwa chini yake utasikia viti vikiburutwa usiku. Na mahali ambapo balkoni zimepangwa kama ngazi, wa juu anakuona wewe wa chini. Mama anayenyonyesha, au anayetaka kusali kwa utulivu, alijue hilo.

MTOTO NA BALKONI

Hapa mwenzetu alinyamaza kidogo kabla ya kuendelea.

Binti yake wa Bruxelles alikuja na mtoto wa miaka miwili, na kabine zao zilikuwa pamoja, zikiunganishwa kwa mlango wa ndani. Siku ya tatu, binti akiwa anaoga, koko alikuwa kitandani akipumzisha magoti. Mlango wa balkoni ulikuwa wazi kidogo kwa ajili ya hewa. Akasikia kitu kinaburutwa. Kutazama, mjukuu amekwisha kusukuma kiti mpaka kwenye uzio, na goti moja liko juu.

"Sijui magoti yangu yalitoka wapi," alituambia. "Nilimshika shati."

Tuhesabu pamoja. Kanuni za kimataifa za meli zinataka uzio wa sitaha usipungue mita 1. Mtoto wa miaka miwili ana kimo cha sentimita 85 hivi, kwa hiyo akisimama chini uzio unampita. Lakini kiti cha kawaida kina sentimita 45. Akipanda juu yake, uzio unamfikia kifuani, na sote tunajua mtoto wa umri huo anavyopenda kupanda. Uzio ni mzuri. Kinachouharibu ni kiti.

Tangu siku hiyo walifanya mambo matatu. Viti vyote viliingizwa ndani kila walipomaliza kukaa. Komeo la juu la mlango lilifungwa muda wote, na hewa wakaifuata nje kwenye sitaha. Na mtoto hakukanyaga balkoni bila mtu mzima aliyemshika mkono. Kuwa karibu naye hakutoshi, ni kumshika.

MAMA, SEMA

Baada ya tukio lile mama alilia, na ndipo ukweli wote ukatoka: mtetemeko wa alfajiri, woga, milango arobaini na tatu. Siku tatu alikuwa amenyamaza. Kwa nini? "Watoto wametumia pesa nyingi. Ningeanzaje kulalamika?"

Binti akamjibu: "Mama, ungesema tangu tulipokupigia simu."

Ni kweli, lakini na watoto hawakuuliza. Walitazama picha nzuri, wakanunua. Hawakujiuliza nani atalala pale, ana magoti gani, ana kumbukumbu gani ya maji. Na sisi wamama tumefundishwa kwamba zawadi haikaguliwi. Tukipewa, tunasema asante, tunaumia kimya.

Meli ilikuwa imejaa, hapakuwa na kabine nyingine. Kijana wa Montréal, yeye alikuwa amejinunulia ya bei ndogo: ya ndani, bila dirisha, orofa ya chini, katikati, hatua chache kutoka asansere. Akasema, "Mama, lala kwangu. Mimi nitalala nyuma." Walikwenda mapokezi kubadilisha majina, maana wakati wa hatari wahudumu wanatafuta watu kwa orodha ya kabine. Usiku huo mama alilala mpaka asubuhi.

Lakini kila jioni alirudi kwenye balkoni ile, mtoto wa binti akiwa amelala, akakaa na kijana wake mbele ya ile njia ya povu. Mambo ya miaka tisa waliyaongea pale: kazi, ndoa iliyovunjika, kaburi la baba ambalo kijana hajaliona. "Pale nyuma palikuwa pazuri sana kwa kukaa," alituambia. "Kulala, hapana."

KABLA YA KULIPA, ULIZENI HAYA

1. Nani atalala humo? Mgonjwa wa magoti au mwenye kiti cha magurudumu awe karibu na asansere. Mwenye tumbo jepesi, katikati na chini. Asiyeyumbishwa na chochote na anayependa kukaa akitazama, huyo nyuma patamfaa.

2. Juu yake kuna nini, na chini yake? Ombeni ramani ya orofa. Kabine iliyo na kabine nyingine juu na chini inatulia kuliko iliyo chini ya ukumbi wa kula au ya muziki.

3. Namba ya kabine inajulikana? Kuna bei ndogo ambayo kampuni ndiyo inakuchagulia mahali. Ukiikubali, unaweza kuwekwa popote, na huna la kudai.

4. Bei ni ya mtu mmoja au ya kabine? Mara nyingi bei inayotangazwa ni kwa kila mtu, wakiwa wawili. Mama anayelala peke yake anaweza kulipa karibu ya watu wawili. Ulizeni pia malipo ya huduma ya kila siku.

5. Viza ni ya kuingia mara ngapi? Sisi wenye pasipoti ya Kongo tunahitaji viza ya Schengen. Meli ikitoka nje ya nchi za Schengen, kwa mfano ikipita Tunis, kisha ikarudi, viza ya kuingia mara moja haitoshi.

6. Kuna mwenye mimba au mtoto mchanga? Kampuni nyingi hazipokei mwanamke ambaye mimba yake itafika majuma 24 kabla safari kwisha, wala mtoto aliye chini ya miezi sita.

7. Jile za watoto ziko wapi? Ziulizeni siku ya kupanda, msingoje usiku.

Na zoezi la usalama msilikimbie, hata kama wengine wanakwenda kula. Tarehe 13 Januari 2012 meli Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, ikiwa na zaidi ya watu 4,200. Watu 32 walikufa. Abiria waliokuwa wamepanda siku ile ile karibu na Roma walikuwa bado hawajafanya zoezi. Baada ya hapo kanuni ilibadilishwa: tangu 2015, abiria wapya wanafanya zoezi kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Mama, nenda, sikiliza, ujue ni mlango gani unatokea wapi.

Wengi wetu hatutapanda meli ya namna hii, na si kitu. Lakini zawadi kutoka kwa watoto inakuja kwa namna nyingi: nyumba, shamba, kitanda, dawa, tiketi. Safari ijayo mtoto akipiga simu na kusema, "Mama, tumekuchagulia," mshukuru kwa moyo wote, kisha mwambie ukweli wa mwili wako. Anayelipa ana sauti, na anayelala humo naye ana sauti.

Mwenye swali alilete kwenye kikao chetu kijacho. Mwenzetu amekubali kujibu, na amesema atakuja na picha.