Mnyororo wa Punda: Kuisoma Misheni ya Bagamoyo

Utangulizi

Katika kozi yetu ya nadharia ya uhakiki tulitakiwa kuandika insha juu ya ishara na taswira nje ya vitabu. Mimi nilichagua mbuyu wa Misheni Katoliki ya Bagamoyo, ule wenye mnyororo uliozama katika shina. Nilieleza kwa kurasa mbili nzima jinsi mti wa Kiafrika ulivyokimeza chuma cha utumwa, ukakifanya sehemu ya mwili wake, kama taifa linavyomeza historia yake chungu na kuendelea kukua. Nilijiona mhakiki kweli kweli. Insha iliporudi, pembeni mwa aya ile mwalimu alikuwa ameandika neno moja tu kwa wino mwekundu: "Umefika?"

Sikuwa nimefika. Nilikuwa nimeona picha, basi.

Makala haya ni jibu la swali lile, ingawa limechelewa. Yana madhumuni mawili. Kwanza, kueleza yale anayoyakuta mgeni katika misheni ile: makanisa, mnara, makaburi, pango la Bikira Maria na nyumba ya makumbusho. Pili, kujadili namna sisi wanafunzi wa fasihi tunavyoweza kuyasoma mambo hayo kama tunavyosoma matini yoyote, yaani kwa kuuliza nani anasimulia, nani ametajwa na nani ameachwa. Hoja yangu ni kwamba tafsiri mbaya haikosei jambo moja tu. Huweza pia kutuzuia tusione jambo jingine lililo mbele ya macho yetu.

Misheni kwa ufupi

Misheni ya Bagamoyo ilianzishwa mwaka 1868 na mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu waliotokea Unguja, wakiongozwa na Padri Antoine Horner pamoja na mwenzake Padri Étienne Baur. Wakati huo Bagamoyo ilikuwa mlango wa misafara. Pembe za ndovu na watu waliokamatwa bara walifika hapo na kuvushwa kwenda Unguja. Biashara hiyo ilikuwa halali mpaka Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa mwaka 1873 uliofunga soko la watumwa la Unguja. Utumwa wenyewe ulikuja kukomeshwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Kwa hiyo misheni ilianza kazi wakati watu wanauzwa na kununuliwa waziwazi, si jambo la gizani.

Mapadri nao walinunua. Walitoa fedha, wakawachukua watu, hasa watoto, wakawaleta Bagamoyo katika kile kilichoitwa Kijiji cha Uhuru. Neno "uhuru" hapa linahitaji kuhakikiwa. Waliokombolewa walifundishwa sala, kusoma na kazi za mikono. Walilima mashamba ya misheni chini ya ratiba na nidhamu ya misheni. Wakifika umri waliozeshwa wao kwa wao, wakapewa nyumba na mahali pa kulima. Hakuna anayeweza kulinganisha maisha hayo na soko la Unguja. Lakini pia tusijidanganye kwamba yalikuwa uhuru kama tunavyouelewa leo.

Mzee na mbuyu

Tulikwenda Jumamosi, mimi na mwenzangu tunayesoma naye mwaka mmoja. Kutoka Dar es Salaam ni mwendo wa kilomita zipatazo 70 kuelekea kaskazini. Ukifika unaingia misheni kwa njia ndefu yenye miembe pande zote mbili, miti iliyopandwa mwaka 1871. Kivuli chake kinakufanya upunguze mwendo hata kama una haraka. Mimi nilikuwa na haraka: nilitaka mbuyu wangu.

Mzee mmoja wa pale alikubali kututembeza. Tulipomwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia "Marahaba wanangu," akaongoza njia kwa fimbo yake. Mbuyu ni mkubwa kuliko nilivyoudhania pichani. Chini kabisa, mahali gome limefumba kama mdomo, inaonekana sehemu ndogo ya mnyororo. Nikainama. Nikauliza kwa sauti ya heshima, kama mtu aliye kaburini:

"Mzee, watumwa walikuwa wanafungwa hapa?"

Akacheka. Hakunicheka kwa ubaya, lakini alicheka.

"Hapana mwanangu. Hapo palifungwa punda."

Basi akatusimulia. Miaka ya 1890 alikuwapo mama mmoja wa Kifaransa, Madame Chevalier, aliyekuwa akiwahudumia wagonjwa Unguja, kisha akaja kujitolea Bagamoyo. Alikuwa na punda, na punda alifungwa kwa mnyororo kwenye mbuyu huo, nao wakati huo ulikuwa bado mdogo. Mnyororo ukaachwa pale, mti ukanenepa, ukaufunika. Hakuna zaidi ya hayo.

Nilibaki hoi. Kurasa zangu mbili, mti wa Kiafrika, taifa linalomeza historia, yote yale kumbe punda! Mwenzangu alikuwa ameshika tumbo kwa kicheko.

Tukiwa tumekaa kivulini baadaye, yeye mwenyewe ndiye aliyenitetea. Alisema hivi: "Lakini sikiliza. Wewe hukuwa peke yako. Watu wangapi wanakuja hapa wakiona mnyororo wanafikiri utumwa? Ni kwa sababu wanajua jambo gani lilitendeka Bagamoyo, wanatafuta alama yake, na alama iliyo wazi ni hiyo moja. Msomaji ndiye anayetoa maana. Si ndivyo tunavyofundishwa?"

Ni hoja nzito na sikuwa na jibu papo hapo. Kweli, nadharia zinazompa msomaji nafasi zinatukumbusha kwamba hadhira haiji mikono mitupu. Inakuja na historia yake, na majeraha yake. Mtu aliyesikia tangu shule ya msingi kwamba jina Bagamoyo linatokana na "bwaga moyo," yaani mateka kukata tamaa walipoiona bahari, hawezi kuuona mnyororo akafikiria punda. Hata hilo jina lenyewe lina wasomaji wawili. Wengine husema waliobwaga moyo ni wapagazi waliofurahi kufika pwani na kutua mizigo. Jina ni lilelile, wengine wanasikia kilio na wengine wanasikia pumzi ya mtu aliyepumzika.

Mawe na matao

Jibu langu kwa mwenzangu nililipata nilipoacha kuutazama mbuyu na kuanza kutazama majengo.

Kanisa la kwanza la mawe lilijengwa mwaka 1872, mwaka uleule ambao kimbunga kikali kilipiga Unguja na pwani hii na kuiharibu sana misheni. Ukumbusho mkubwa wa kanisa hilo ni mnara wake. Nyumba ya masista ni ya mwaka 1876, na sasa ndimo lilimo jumba la makumbusho. Ipo nyumba ya mapadri, ya ghorofa, yenye safu za matao kuzunguka baraza zake. Kanisa kubwa la sasa lilijengwa kati ya mwaka 1910 na 1914.

Mgeni akitazama haraka atasema huu ni usanifu wa Ulaya: matao, mnara, kengele. Kwa upande wa umbo hakosei. Lakini hebu aguse ukuta. Ni mawe ya matumbawe na chokaa. Ufundi wa kujenga kwa matumbawe na kuchoma chokaa haukuja na meli kutoka Ufaransa. Waswahili walikuwa wakijenga hivyo karne nyingi kabla, na ushahidi hauko mbali. Kusini kidogo tu ya Bagamoyo, pale Kaole, upo msikiti wa mawe ambao magofu yake ni ya karne ya 13. Fundi aliyepanga mawe ya kanisa alikuwa anatumia lugha ya ujenzi ya pwani kutungia utanzu mgeni. Sisi tunaosoma riwaya ya Kiswahili tunaijua hali hiyo vizuri. Umbo limetoka mbali, lakini maneno, pumzi na mikono ni ya hapa.

Na mikono hiyo ni ya nani? Tukafika kwenye pango la Bikira Maria, ambalo wengi huliita groto. Lilijengwa mwaka 1876 na watu waliokombolewa kutoka utumwani, na inaelezwa kuwa walilijenga kama shukrani. Ni kazi ya mawe, si kubwa, na ukipita haraka unaweza usisimame. Nilisimama, kisha nikageuka nyuma. Pale nilipokuwa, mbuyu nilioufuata kwa kilomita 70 ulikuwa umeniletea punda. Na hapa, mahali ambapo katika insha yangu sikupaandikia hata sentensi moja, palikuwa na alama halisi nilizozitafuta: mawe yaliyoinuliwa na kupangwa na watu waliowahi kuwa na bei.

Hapo ndipo nikamwambia mwenzangu: "Tafsiri yangu ya mnyororo haikuwa na ubaya kwa sababu ilizidisha maana. Ubaya wake ni kwamba ilinishibisha. Niliona mnyororo, nikaridhika kuwa nimeuona utumwa, nikawapita walewale waliotoka utumwani." Mnyororo unatuonyesha mtu akiwa amefungwa. Groto inatuonyesha mtu yuleyule akifanya kazi, akichagua jiwe, akiligeuza, akiliweka. Alama ya pili inasema zaidi juu ya utu wake.

Jina la mnara

Tatizo ni kwamba mawe hayana majina. Hili ndilo jambo linalofaa kumsumbua mhakiki kuliko yote.

Chukua mfano wa mnara wa kanisa la zamani. Unaitwa Mnara wa Livingstone. David Livingstone alikuwa Mskoti na Mprotestanti, na katika mnara huo wa Kikatoliki aliletwa akiwa maiti. Alifariki mwezi Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Moyo wake ulizikwa hukohuko chini ya mti. Mwili ulikaushwa, ukafungwa, ukabebwa kwa miguu takriban miezi tisa hadi Bagamoyo, ukalazwa hapo misheni mwezi Februari 1874 kabla ya kuvushwa Unguja na kupelekwa Uingereza. Alizikwa Westminster Abbey mwezi Aprili mwaka huo.

Waliombeba walikuwa akina Abdullah Susi, James Chuma, Jacob Wainwright na wenzao wengi. Chuma na Wainwright walikuwa wamewahi kuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa. Wainwright alisomeshwa India, ndiye aliyesoma sala ya maziko ya moyo na kuchonga maandishi kwenye mti, na aliweka shajara ya safari ile. Jamani, shajara! Yaani miongoni mwa wapagazi alikuwamo mwandishi. Lakini mnara umepewa jina la aliyebebwa, si la waliobeba. Katika lugha yetu ya darasani tungesema mhusika asiyetenda lolote katika tukio hili ndiye aliyepewa nafasi ya mhusika mkuu.

Tusidhani kwamba ni Wazungu wote waliopewa majina makubwa. Makaburi ya misheni yamejaa wamisionari waliokufa vijana, wengine wa umri wetu huu. Nyumba ya masista nayo ina hadithi isiyosimuliwa sana. Masista wa kwanza walikuwa wa shirika la Mabinti wa Maria la kisiwa cha Réunion, lililoanzishwa mwaka 1849, mwaka mmoja baada ya utumwa kukomeshwa kisiwani humo, na lililopokea hata wanawake waliotoka utumwani.

Hata sisi wa Kiswahili tunalo deni. Padri Charles Sacleux alifanya kazi Unguja na Bagamoyo mwishoni mwa karne ya 19, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilitoka Paris kati ya mwaka 1939 na 1941. Mpaka leo wataalamu wa lahaja wanairejea. Lakini kila neno mle lilitoka kinywani mwa mtu wa pwani: mvuvi, mama wa nyumbani, mtoto wa misheni. Kamusi, kama groto, ina watunzi wengi, na jaladani lipo jina moja.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba misheni ya Bagamoyo ni matini yenye sauti nyingi. Sauti ya misheni inasikika wazi, ya Livingstone inasikika hata asipozungumza, na ya waliojenga inasikika tu kwa anayekubali kusimama. Sipendekezi tubomoe majina yaliyopo. Ninapendekeza tunapowapeleka wageni au wanafunzi pale tuanzie grotoni na ukutani, na mbuyu uje baadaye, pamoja na punda wake.

Kwa mwalimu wangu: sasa nimefika. Naomba alama za insha ile zibaki kama zilivyo, nilistahili. Kwa wenzangu: kabla ya kuandika kwamba kitu fulani "kinaashiria," pandeni gari kwanza. Na mwenzangu wa safari bado anashikilia kwamba maana ni ya msomaji, hata kama aliyefungwa alikuwa punda. Nimemshauri aandike. Kurasa za jarida hili ziko wazi.